Tulimlaza Ami apumzike, kumbe na damu yake imelala: umri, unene na hatari ya damu kuganda

Mguu wa ami yangu niliukanda mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Ilikuwa Juni 2021, hapa Maskati, joto la kuchoma, na korona imeingia karibu kila nyumba tunayoijua. Ami alikuwa siku ya tisa tangu aanze homa. Homa yenyewe ilishashuka, tukawa tunasema alhamdulillah, mzee kapona. Usiku ule akaniita: "Hebu njoo mwanangu, huu mguu wa kushoto umekaza, naona kama umevimba."

Nikautazama. Kweli, shavu la mguu lilikuwa limejaa kuliko la upande wa pili, na ukiligusa lina uvuguvugu. Nikamwambia, "Ni huku kulala sana tu, Ami." Nikachukua mafuta ya habasoda, nikamkanda robo saa nzima. Akanishukuru, akaniombea dua.

Alfajiri mke wake akanigongea mlango. Ami alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtoka, anahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa miguu. Kila akivuta pumzi kifua kinamchoma upande mmoja. Kile kidude cha kupimia oksijeni kidoleni kilionyesha 84.

Nitasema mapema ili msisome kwa wasiwasi: Ami yu hai, na wiki mbili zijazo tunasafiri naye kwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Safari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilipokuwa nikimkatia tiketi nilikumbuka yale tuliyoyafanya 2021 kwa mapenzi na kwa ujinga, nikaona si vizuri yakabaki kuwa siri ya nyumba yetu. Nyumba zetu zinafanana. Kila nyumba ina mzee, na mara nyingi mzee huyo ana kitambi.

Hospitali, daktari wa zamu aliuliza mambo mawili kabla ya yote. Ana umri gani? Ana kilo ngapi? Tukajibu: miaka 68, kilo 118. Nilidhani anajaza fomu tu. Kumbe majibu mawili yale yalishampa nusu ya habari. Picha ya kifua ikampa nusu ya pili: bonge la damu lilitoka mguuni, likapanda na mshipa mpaka likaziba njia kwenye pafu la kulia.

Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza madaktari, nimewasumbua jamaa zangu wanaofanya kazi za hospitali hapa na Uingereza. Haya ndiyo niliyoyaelewa, nayaandika kwa lugha ya nyumbani.

Maradhi ya mapafu, au maradhi ya mishipa?

Mwanzoni sote tulijua korona ni kikohozi, homa na kukosa pumzi. Lakini tangu Februari 2020 madaktari wa Wuhan, China, walishaona jambo jengine. Walichunguza damu za wagonjwa 183. Kati yao 21 walifariki, na katika hao 21, watu 15 damu yao ilikuwa imevurugika mno katika mfumo wake wa kuganda. Katika wale 162 waliosalimika, aliyekuwa na hali hiyo alikuwa mmoja tu.

Aprili 2020 Uholanzi nao wakatoa hesabu yao. Wagonjwa 184 wa korona walikuwa kwenye vyumba vya mahututi, na asilimia 31 walipata matatizo ya damu kuganda, wengi wao kwenye mapafu. Nao walikuwa wakipewa dawa ya kinga. Hamburg, Ujerumani, wakawapasua maiti 12 wa mwanzo. Saba walikuwa na mabonge ya damu miguuni ambayo hakuna aliyeyashuku walipokuwa hai, na wanne bonge la mapafuni ndilo lililowaua moja kwa moja.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule wataalamu wakalinganisha mapafu ya watu saba waliokufa kwa korona na saba waliokufa kwa homa ya mafua makali. Kote kulikuwa na vibonge vidogo vidogo kwenye vijishipa vya mapafu, lakini kwenye korona vilikuwa mara tisa zaidi. Kwa hivyo msidhani ni korona peke yake. Mafua makali nayo hufanya hivyo, isipokuwa korona imezidisha.

Mfano wa falaji

Damu yetu Mwenyezi Mungu kaijaalia iwe na uwezo wa kuganda ili mtu akijikata na kisu jikoni asimalizike. Tatizo ni pale inapoganda ndani ya mshipa, mahali pasipo na jeraha.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, daktari mmoja wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliandika juu ya mabonge ya damu na namna yanavyosafiri mwilini. Mafunzo yake mpaka leo madaktari huyafupisha kwa mambo matatu: mwendo wa damu, ukuta wa mshipa, na damu yenyewe ilivyo.

Nilipoelezwa haya nilikumbuka falaji za Oman. Waliowahi kwenda Nizwa au Rustaq wameziona. Maji ya falaji yakienda kwa kasi, mfereji unajisafisha wenyewe. Yakizubaa, matope yanatuama. Ukuta ukimeguka, majani na vijiti vinanasa pale palipomeguka. Na maji yenyewe yakija na udongo mwingi, hata mfereji mzima utaziba. Mambo hayo matatu yakikutana siku moja, shamba la chini halipati tone.

Virusi vikali vinagusa yote matatu. Vinachokoza utando laini uliotandikwa ndani ya mishipa, ule ambao kazi yake ni kuiteleza damu ipite. Mwili nao unapopigana unamwaga kemikali nyingi za uvimbe, na kemikali hizo zinaliambia ini litoe protini zaidi za kugandisha damu. Kisha mgonjwa analala, hali, hanywi maji, na damu inapunguza mwendo.

Sasa tujiulize: mtu ambaye falaji yake ilikuwa nusu imeziba kabla ya mafuriko, hali yake itakuwaje? Hapa ndipo unapoingia umri, na ndipo unapoingia unene.

Umri

Kijana hatari yake ya kupata bonge la damu kwenye mishipa ya ndani ni kama mtu mmoja katika 10,000 kwa mwaka. Ukifika kwenye wazee wa miaka 80, inakaribia mmoja katika 100. Hiyo ni kabla hujaongeza ugonjwa wowote.

Sababu ni kadhaa. Kadiri mtu anavyokula chumvi, protini za kugandisha damu, kama fibrinojeni, huongezeka. Wakati huo huo uwezo wa mwili wa kuyeyusha vibonge hupungua. Utando wa mishipa unachoka na kukakamaa. Ndani ya mishipa ya miguu kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini, navyo vinalegea. Na misuli ya miguu inakonda. Misuli hii, khasa ya shavu la mguu, ndiyo pampu ya pili ya mwili: kila unapopiga hatua inakamua damu kwenda juu. Mzee asiyetembea pampu yake imezimwa.

Kuna kipimo cha damu kinachoitwa D-dimeri. Bonge la damu linapoyeyushwa na mwili huacha vipande vipande, na kipimo hiki huhesabu vipande hivyo. Kikiwa juu, daktari anashuku kwamba pana bonge mahali. Lakini kwa mzee kipimo hiki hupanda hata bila ya bonge. Kwa hivyo wataalamu walikuja na hesabu nyepesi, iliyojaribiwa na kutangazwa 2014: badala ya kikomo kimoja cha 500 kwa watu wote, aliyezidi miaka 50 huchukuliwa miaka yake mara kumi. Ami wa miaka 68 kikomo chake ni 680. Nasema hili kwa sababu wengi wetu siku hizi tunapokea majibu ya maabara kwenye simu, tukiona namba nyekundu tunapiga mayowe kwenye kundi la familia. Muachieni daktari aisome pamoja na umri wa mtu. Ya Ami, lakini, ilizidi 4,000. Ile haikuhitaji hesabu.

Unene

Hapa najua baadhi ya wasomaji wataninunia. Kwetu unene ni neema. Mtu akirudi kutoka safari akiwa kanenepa anaambiwa "mashallah, umependeza". Akikonda anaulizwa nani kamuudhi.

Ami alikuja Oman miaka ya sabini, kijana mwembamba. Ninayo picha yake: shati limemwaga, mkanda umekazwa hadi tundu la mwisho. Unguja alikuwa akitoka Malindi kwenda Darajani kwa miguu na kurudi, asubuhi na jioni. Maskati akapata kazi, gari, kiyoyozi na lifti. Msikiti uko hatua mia mbili kutoka nyumbani, anakwenda kwa gari kwa sababu ya jua. Wala si yeye peke yake: zaidi ya nusu ya watu wazima wa Oman wana uzito uliozidi, na nchi jirani za Ghuba ni hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nikidhani mafuta ya tumboni ni mzigo tu, kama gunia unalolibeba. Sivyo. Mafuta yale ni kiungo kinachofanya kazi usiku na mchana. Hutoa kemikali za uvimbe zinazolichochea ini kutoa fibrinojeni. Hutoa pia protini iitwayo PAI-1, ambayo kazi yake ni kuwazuia wale mafundi wa mwili wanaoyeyusha mabonge. Yaani mtu mnene damu yake ina wepesi wa kuganda na uzito wa kuyeyuka, vyote viwili kwa pamoja. Na hiyo PAI-1 umri nao huipandisha. Mzee mnene amepata sehemu mbili.

Kisha kuna uzito wenyewe. Kitambi kinakandamiza mishipa mikubwa inayopita tumboni ikirudisha damu kutoka miguuni, mwendo wake unapungua. Kinasukuma pia kiwambo cha kupumulia, na mtu akilala chali sehemu ya chini ya mapafu haifunguki sawasawa. Ndiyo maana mnene huishiwa na oksijeni haraka zaidi akishikwa na ugonjwa wa kifua.

Mtu mwenye unene uliopindukia, hata akiwa mzima, hatari yake ya bonge la damu ni kama mara mbili au zaidi ya mtu mwenye uzito wa kawaida. Kwenye maradhi makali ya virusi jambo hili si geni: mwaka 2009, lilipokuja lile wimbi la homa ya mafua ya H1N1, madaktari walishtuka kuona namna watu wanene, hata vijana, walivyojaa vyumba vya mahututi. Na khasa hilo ndilo la kuzingatia. Kijana wa miaka 35 mwenye kilo 130 asijifariji kuwa hii ni habari ya wazee. Unene unaweza kumpa mtu mishipa ya mtu aliyemzidi umri.

Sindano ya tumboni na suala la nguruwe

Hospitali walimuanzishia Ami heparini, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo. Wengi huita dawa hizi "za kulainisha damu", lakini hazilainishi, wala bonge haziliyeyushi. Zinalizuia lisizidi kukua, na mwili wenyewe ndio unaolimaliza taratibu.

Siku ya pili binti yake mmoja alisoma kwenye simu kwamba heparini inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Nyumba ikawaka moto. Mke wa Ami akasema, "Kama ni hivyo, bora tumuombee dua tu." Sitawaficha: kwa muda wa saa kama tatu tulikuwa tayari kukataa sindano.

Habari yenyewe ni ya kweli. Heparini nyingi duniani inatokana na utumbo wa nguruwe. Daktari aliyekuja kutuzungumza alikuwa mwanamke, asili ya wazee wake Pemba, akatusemesha kwa Kiswahili kilekile chetu. Hakutucheka. Alituambia mambo mawili. La kwanza, wanazuoni walishalijadili jambo hili zamani: Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilitoa uamuzi wake mwaka 2003 kuhusu heparini hii hasa, likaruhusu itumike kwa matibabu pale isipopatikana badala ya halali inayotosha, bila ya kuzidisha kiasi cha haja. La pili, ipo dawa nyengine iitwayo fondaparinuksi, inatengenezwa maabara na haina kitu cha mnyama, lakini hutegemea hali ya figo na haimfai kila mgonjwa.

"Muulizeni shekhe wenu," akasema, "lakini muulizeni sasa hivi. Bonge halisubiri." Tukapiga simu, shekhe akatujibu ndani ya dakika tano: mpeni. Nawasihi wasomaji, suala hili liulizeni leo mkiwa wazima mmekaa sebuleni. Msilisubirishe mpaka mgonjwa anahema.

Kitu chengine nilichojifunza: umri na unene haviongezi hatari tu, vinatatiza na tiba yenyewe. Mtu mzito sana dozi ya kawaida ya kinga inaweza isimtoshe. Mzee mwenye figo zilizochoka dozi hiyo hiyo inaweza kumkalia mwilini ikamtoa damu. Ami alikuwa vyote viwili, mzito na mzee, kwa hivyo walimpima figo kila baada ya siku chache. Ndiyo maana ukiulizwa kilo za mgonjwa usikisie kwa aibu. Mke wa Ami alitaka kusema 95 kwa kumsitiri mumewe. Kumsitiri huko kungeipunguza dawa yake.

Wala dozi kubwa si jawabu la kila mtu. Agosti 2021 yalitoka majibu ya majaribio makubwa yaliyounganisha nchi nyingi: dozi kamili ya heparini iliwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa lakini hawajafika hali ya mahututi, na haikuwasaidia waliokwisha kuwa mahututi. Wakati una maana. Ukimchelewesha mzee nyumbani unampunguzia faida ya dawa.

"Mpeni aspirini"

Kila familia ina mtu anayesema "mpeni aspirini, inafungua damu". Kwetu ni mimi. Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa wa korona karibu 15,000 waliolazwa. Majibu yalitoka Juni 2021, mwezi ule ule Ami alipougua: waliopewa aspirini na wasiopewa walifariki kwa kiwango kile kile, asilimia 17. Bonge likapungua kidogo, kutokwa na damu kukaongezeka kidogo.

Na kuna hatari nyengine. Si kila homa ni korona au mafua. Ipo homa ya denge, inayoletwa na mbu, ambayo imeshazuka Maskati na Dar es Salaam. Hiyo hupunguza zile chembe za kugandisha damu, na aspirini inaweza kumtoa mtu damu vibaya. Mgonjwa wa homa usimpe aspirini kwa kubahatisha. Anayeitumia kwa agizo la daktari wa moyo, yeye asiiache kwa kubahatisha vilevile.

Na chanjo? Ami hakuchanja, kwa sababu aliogopa damu kuganda. Wallahi ndivyo. Mwanzo wa 2021 zilienea habari za chanjo ya AstraZeneca, naye akasema atasubiri. Madhara yale yalikuwa ya kweli na hayakufichwa: Uingereza ilitangaza Aprili 2021 kesi 79 za mabonge yale ya nadra katika dozi zaidi ya milioni 20, na ikashauri vijana wa chini ya miaka 30 wapewe nyengine. Lakini kwa mtu wa miaka 68 na kilo 118, ugonjwa wenyewe ulikuwa na hatari kubwa mno kuliko sindano. Alikimbia mvua akaingia baharini.

Tulichokosea, na cha kufanya

Daktari aliponiuliza tulimuuguza vipi, nilijibu kwa fahari: siku tisa hatukumwacha ainuke. Chakula kitandani, supu ya mbuzi, tende na halua. Choo, chombo kiletwe. Maji alikunywa kidogo kwa sababu aliona haya kutusumbua. Kiyoyozi kinavuma, mapazia yamefungwa, na kila akitaka kusimama tunasema, "Pumzika, Ami." Daktari akashusha pumzi. Tulimlaza mtu, na damu yake tukailaza naye.

Simwambii mtu kwamba tungefanya vyengine bonge lisingekuwepo. Ugonjwa ulikuwa mkali na Ami alikuwa na sababu zake. Lakini yapo mambo ambayo leo nyumbani kwetu ni sheria, mtu mzee au mnene akishikwa na homa kali ya mafua au korona:

- Anakunywa maji ya kutosha, isipokuwa daktari wa moyo au figo kamwekea kiwango.
- Kila saa akiwa macho, kama hali inaruhusu, anainuka na kutembea chumbani. Asiyeweza kuinuka anapandisha na kushusha nyayo zake kitandani, mara kumi au ishirini.
- Oksijeni inapimwa asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya 94 tunampigia daktari, ikifika 92 au chini yake tunakwenda hospitali. Tusingoje alalamike, kwa sababu korona inaweza kuishusha oksijeni na mtu bado anaongea na kucheka.
- Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa na joto kuliko mwenzake, haukandwi. Haukandwi kwa habasoda, wala karafuu, wala kitu chochote. Unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.
- Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta pumzi, kukohoa damu, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila sababu: hapo ni ambulensi, hakuna kumsubiri mtoto mkubwa atoke kazini.
- Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anamwambia daktari kila anachokula cha dawa za kienyeji. Habasoda na vitunguu thomu kwa wingi vinaweza kuongeza kutokwa na damu.

Baada ya kupona

Ami alikaa hospitali siku kumi na saba. Akarudi na vidonge alivyovitumia miezi sita. Majirani wakamfanyia maulidi, na wiki ile ile akaanza kusema anataka kwenda Umra kwa basi pamoja na wenzake wa msikitini. Daktari akamkatalia katakata.

Baadaye niliona kwa nini. Utafiti wa Sweden uliotoka Aprili 2022, uliofuatilia zaidi ya watu milioni moja walioambukizwa korona, ulionyesha kuwa hatari ya bonge la mguuni ilibaki juu mpaka miezi mitatu, na la mapafuni mpaka miezi sita. Virusi vinaondoka, falaji bado haijasafishika. Ongeza na safari: Shirika la Afya Duniani lilieleza 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila ya kujongea huongeza hatari hiyo kama mara mbili, iwe ndegeni, garini au kwenye basi. Mzee mnene, katoka kuugua, anakaa kwenye basi la Makka siku nzima. Hesabu mwenyewe.

Sasa ni miaka imepita na daktari wake kamruhusu kuruka. Tiketi yake nimemkatia kiti cha pembeni ya njia, apate kuinuka kila saa. Soksi za kubana kanunuliwa kwa ushauri wa daktari. Uzito wake ni kilo 97. Haukushuka kwa miujiza. Alianza kwa kwenda msikitini kwa miguu sala ya alfajiri, jua halijatoka, kisha na ya isha. Mwanzo alisimama mara tatu njiani. Wali wa usiku kauacha, ingawa halua bado tunaificha.

Juzi tulikuwa tumekaa barazani, akaunyoosha ule mguu wa kushoto, ambao mpaka leo ukifika jioni unavimba kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, siku ile ulinikanda vizuri sana. Tatizo ni kuwa ulitakiwa unipakie kwenye gari." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka naye.

Basi nawaomba: leo usiku, kabla ya kulala, muulizeni mzee wenu kilo zake na miguu yake.